Shajara ya mradi: kuwapokea wateja wenye anwani binafsi za barua pepe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo tumeanza rasmi kazi ya kuubadilisha mlango wa usajili wa programu yetu ya kutunza hesabu za bidhaa na ankara, ambayo inatumiwa hasa na wenye maduka ya jumla na rejareja, karakana na wasambazaji wadogo wa hapa Nairobi. Tangu siku ya kwanza, fomu ya usajili imekuwa ikimkataa kila anayejaza anwani inayoishia kwa gmail.com, yahoo.com, hotmail.com, outlook.com au icloud.com, na kumwonyesha maneno mekundu yanayomtaka atumie "anwani ya kazini". Wiki iliyopita mama mmoja mwenye duka la vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama nyuma ya kaunta yake, akampigia simu mwenzetu wa huduma kwa wateja, akamwuliza: "Kazini ni wapi kama si hapa nilipo?" Mwenzetu alikosa jibu, nami niliposimuliwa nililikosa vilevile. Swali hilo ndilo lililoufanya mradi huu utengewe wiki saba na watu watatu.

Nimetumia alasiri kutafuta asili ya sharti hili. Tuliliiga kutoka kwa kampuni za Marekani na Ulaya zinazouzia programu mashirika makubwa, ambako kila mfanyakazi hupewa anwani yenye kikoa cha mwajiri wake, yaani sehemu inayofuata alama ya @, siku anapoajiriwa. Kwao anwani ya aina hiyo humwambia muuzaji ni shirika gani limebisha hodi, na huwapunguza watu wanaofungua akaunti mpya kila muda wa majaribio ya bure unapokwisha. Sababu hizo zina maana mahali pake. Hapa kwetu, mtu anayefanya biashara peke yake husajili jina la biashara katika Huduma ya Usajili wa Biashara, akapata cheti chenye nambari inayoanza na BN, kisha hulipa ushuru kwa PIN yake mwenyewe, yaani nambari ya mlipa ushuru kutoka Mamlaka ya Ushuru (KRA), inayoanza na herufi A. Ni makampuni na ubia ndivyo hupewa PIN inayoanza na P. Ikiwa Mamlaka ya Ushuru inakubali kuidai biashara kupitia jina la mwenyewe, sioni kwa nini sisi tunaouza daftari la hesabu tumtake kwanza anunue kikoa.

Alhamisi, 6 Machi

Kabla ya kugusa mstari wowote wa msimbo nilitaka kuwafahamu watu tuliowafungia mlango, kwa hiyo niliomba kumbukumbu za mfumo za maombi yaliyokataliwa, nikitarajia kupata hesabu tu ya kila kikoa. Nilichokabidhiwa ni anwani zenyewe, zikiwa kamili, pamoja na majina na nambari za simu ambazo waombaji walikuwa wamekwisha kujaza kabla fomu haijawakatalia. Tuliwaambia watu hao kwamba hatuwezi kuwapokea, kisha tukabaki na data yao.

Jambo hili limenisumbua kuliko sharti lenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, inataka katika kifungu cha 25 kwamba data ya mtu ikusanywe kwa kusudi lililo wazi na halali, iwe ya kadiri inayohitajika tu, na isihifadhiwe kwa namna inayomtambulisha mwenyewe kwa muda unaozidi kusudi hilo. Kwa mwombaji aliyekataliwa, kusudi letu lilikwisha pale pale alipokataliwa. Mwenzetu wa mauzo alipendekeza tuwaandikie wote tukawaalike warudi mlango utakapofunguliwa, na nakiri kwamba pendekezo hilo lilikuwa na mvuto, kwa maana wengi wao huenda wangefurahi. Hata hivyo hawakutupatia anwani zao ili tuwatangazie bidhaa, na kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinahusu hasa matumizi ya data za watu kwa faida ya biashara pasipo idhini yao. Tumefuta majina, anwani na nambari zote, tukabakiza hesabu ya jumla kwa kila kikoa, na tarehe ya ufutaji tumeiandika katika daftari letu la data. Mama wa Barabara ya Kirinyaga tutampigia simu, kwa kuwa yeye mwenyewe alitupigia na kuomba apewe jibu.

Hesabu iliyobaki inatosha kutuonyesha njia: gmail.com imezizidi anwani nyingine zote zikijumlishwa pamoja, yahoo.com inafuata kwa mbali, nyingi zikiwa za watu waliojisajili miaka ile ambayo barua pepe ilisomewa kwenye saiba.

Jumanne, 11 Machi

Tumetembelea maduka na karakana saba kwa siku moja, kuanzia Barabara ya Kirinyaga na Mtaa wa Luthuli hadi Eastleigh na viwandani karibu na Barabara ya Enterprise. Mwenye duka la vitambaa wa Eastleigh alitupokea vizuri ingawa ni mwezi wa Ramadhani na alikuwa akijiandaa kwenda kuswali, na ndiye aliyetueleza mambo kwa utulivu kuliko wote.

Nilikwenda nikiamini kwamba tatizo ni la kikoa. Nimerudi nikijua kwamba lililo kubwa ni swali la nani hasa anaushika ufunguo wa sanduku la barua. Katika duka moja anwani ilifunguliwa na mpwa wa mwenyewe ambaye sasa anafanya kazi Mombasa, na barua zote za biashara humfikia yeye kwanza, naye huzituma kwa WhatsApp anapokumbuka. Katika karakana moja ya vyuma, fundi alitutajia anwani kwa uhakika, lakini nywila yake aliiacha kwa kijana wa saiba aliyemfungulia miaka mingi iliyopita ili apate kujaza marejesho ya ushuru katika iTax. Duka la tatu lilikuwa na hali ngumu zaidi: anwani inayotumiwa na biashara ni ya huyo huyo mhudumu wa saiba, ambaye huwajazia wateja wengi kwa anwani yake moja kwa sababu mfumo wa serikali haukubali kuendelea bila anwani ya barua pepe na mteja hana. Sidhani kijana huyo ana nia mbaya. Anawasaidia watu wanaomaliza foleni kwake wakiwa na shughuli zao, ila programu yetu ikituma msimbo wa kubadilisha nywila, utamfikia yeye, pamoja na hesabu ya mauzo ya mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo kuthibitisha anwani kwa kutuma kiungo hakutoshi kama tulivyodhani. Kunathibitisha kwamba yupo mtu anayelifungua sanduku, bila kutuambia kwamba mtu huyo ndiye mwenye duka. Nimeandika pendekezo la kwanza la mradi: kichwa cha kisanduku katika fomu kisiseme tena "anwani ya kazini", kiseme "anwani ya barua pepe unayoifungua wewe mwenyewe". Tumekubaliana pia kwamba asiye na anwani kama hiyo aweze kuanza kwa nambari ya simu pekee, na kuongeza anwani baadaye akiwa tayari. Simu nayo ina kasoro zake, kwa kuwa laini iliyokaa bila kutumiwa kwa muda mrefu hufungwa na nambari kupewa mteja mwingine, kwa hiyo tumeamua kwamba nambari peke yake haitatosha kamwe kurudisha akaunti iliyopotea.

Ijumaa, 14 Machi

Leo tuliondoa sharti katika mfumo wa majaribio, kwa kudhani kwamba ni kazi ya kufuta mistari michache, na ndani ya saa moja tumelirudisha.

Tulijisajili mara mbili kwa anwani mbili za gmail.com zisizohusiana, kila moja ikiwa na duka lake la kubuni. Mtumiaji wa pili alipoingia, programu ilimsalimu kwa kumwambia kwamba wenzake wa kazini tayari wanatumia huduma hii, ikamwunganisha moja kwa moja na duka la kwanza. Aliona bidhaa, bei za kununulia na orodha ya wadeni. Miaka miwili iliyopita tuliandika sehemu inayowakusanya wafanyakazi wa shirika moja kwa kutazama kikoa cha anwani zao, na sehemu hiyo ilichukulia kwamba kila kikoa ni cha mwajiri mmoja. Sharti la mlangoni ndilo lililokuwa likiuficha ufa huo. Aliyeandika sehemu hiyo ni mimi, na nilipoandika sikuacha neno lolote la kumwonya atakayekuja kufungua mlango baadaye.

Nimeshukuru kwamba jambo hili limetokea kwenye data za kubuni. Lingetokea kwa wateja, ingetubidi tuwape taarifa wenye maduka bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana, kwa kuwa sisi ni wachakataji wa data zao, yaani tunazishughulikia kwa niaba yao, nao wangekuwa na saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data iwapo kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru watu ambao majina yao yamo katika hesabu hizo. Wadeni wa duka ni watu, na deni la mtu si la kusomwa na jirani wa biashara.

Tumepanga upya kazi zote. Kuunganishwa kwa kutazama kikoa kunaondolewa kabisa kabla ya mlango kuguswa, hata kwa makampuni yenye vikoa vyao, na kuanzia sasa mtu ataingia katika akaunti ya biashara kwa njia moja tu, yaani kualikwa na mmiliki au msimamizi kwa jina na kwa anwani. Mwenzetu mmoja alitetea kuubakiza muungano huo kwa wenye vikoa vyao. Nilimkumbusha kwamba kikoa kisicholipiwa kwa wakati hurudi sokoni, na atakayekinunua ataweza kujiundia anwani yoyote ndani yake na kuingia kama mfanyakazi wa zamani.

Jumatano, 19 Machi

Wakati wa kung'oa sehemu ile tumekuta kosa jingine lililolala ndani yake: programu ilikata anwani na kuchukua vipande viwili vya mwisho tu, hivyo kampuni yoyote yenye anwani inayoishia kwa co.ke ilihesabiwa kuwa ya kikoa "co.ke", sawa na kila kampuni nyingine ya aina hiyo nchini. Kwa nchi ambazo majina huishia kwa kipande kimoja, kosa hili lisingeonekana. Kwetu, ambako kuna co.ke kwa biashara, or.ke kwa mashirika, ac.ke kwa vyuo na go.ke kwa serikali, na ambako tangu mwaka 2017 mtu anaweza pia kusajili jina moja kwa moja chini ya .ke, hakuna hesabu ya vipande itakayofaa. Pale ambapo bado tunahitaji kukitambua kikoa, kwa mfano katika kuhesabu tu, tunatumia orodha ya miishio ya umma, yaani miishio kama co.ke ambayo watu husajili majina chini yake, inayotunzwa chini ya Mozilla.

Kuhusu nukta na alama ya kujumlisha tumejadiliana muda mfupi. Gmail haihesabu nukta zilizo katika jina, na hupokea chochote kinachofuata alama ya kujumlisha kana kwamba hakipo, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na maandishi mengi ya anwani ile ile. Kulikuwa na wazo la kuondoa nukta zote ili kuwanasa wanaorudia muda wa bure. Nimelikataa, kwa kuwa waraka wa RFC 5321 wa mwaka 2008, ulio na kanuni za kiufundi za kutuma barua pepe, unasema wazi kwamba sehemu iliyo kabla ya alama ya @ hufasiriwa na seva inayoipokea peke yake, na kuna watoa huduma ambao kwao nukta hutenganisha watu wawili. Tunaihifadhi anwani kama mwenyewe alivyoiandika, na tunapolinganisha tunapuuza tu tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Anayerudia muda wa bure atatambuliwa kwa nambari yake ya Lipa na M-Pesa pindi atakapoiunganisha, na asipoiunganisha hasara yetu ni ndogo.

Makosa ya kuandika yana uzito zaidi. Mtu akiandika "gmial.com" au "gmail.con", fomu itamwuliza kama alikusudia gmail.com, na atakayesisitiza ataachwa aendelee. Hakuna ankara, risiti wala jina la mteja litakalotumwa kwa anwani ambayo haijathibitishwa. Tumebadilisha pia kiungo kuwa msimbo wa tarakimu sita unaodumu dakika 15, kwa sababu tuliowatembelea wengi wao hujaza fomu na kusoma barua katika simu ile ile, na kiungo kilikuwa kikiwafungulia dirisha jipya na kuwapoteza.

Jumanne, 25 Machi

Wiki hii yote imekuwa ya umiliki, na ndiyo niliyoingoja tangu mwanzo.

Mwaka jana msambazaji mmoja wa vyakula vya jumla alimwachia karani wake kazi ya kujisajili. Karani alitumia anwani yake binafsi kupitia njia ambayo tulikuwa tumewafungulia wateja wachache kwa mkono, akatunza hesabu vizuri kwa miezi mingi, kisha wakagombana na mwajiri juu ya mshahara, akaondoka. Mwenye biashara alikuja ofisini kwetu Barabara ya Ngong akiwa na cheti cha usajili mkononi na leseni ya kaunti, akataka hesabu zake. Katika hifadhidata yetu, biashara yake haikuwapo. Kulikuwa na mtu mmoja, anwani moja, na chini ya anwani hiyo ghala zima la unga, mafuta na sukari. Ilichukua majuma kadhaa na barua ya wakili kulimaliza jambo hilo, na kwa wakati huo wote mzee yule alifanya kazi bila kujua anayemdai na anayedaiwa naye. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye alikuwa na daftari, sisi ndio tuliomfungia.

Muundo mpya unaitenga biashara na mtu. Biashara ina rekodi yake: jina, aina ya usajili, nambari ya BN au ya kampuni iwapo ipo, na PIN ya ushuru pale mwenyewe anapotaka kuunganisha ankara zake na eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Watu huunganishwa na rekodi hiyo kwa majukumu, na anwani ya barua pepe imebaki kuwa njia ya mtu kuingia. Mtu akibadilisha anwani, hakuna kinachohama. Mtu anaweza kuwa mmiliki wa biashara mbili na karani katika ya tatu kwa anwani moja, jambo ambalo kwa wafanyabiashara wa Nairobi ni la kawaida mno na ambalo muundo wa zamani haukuliruhusu. Siku ya kwanza programu humwuliza anayejisajili swali moja zaidi, kama biashara ni yake au anamfungulia mwingine, na akijibu kwamba anamfungulia mwingine, huombwa nambari ya simu ya mwenyewe, naye mwenyewe hutumiwa ujumbe wa kukubali umiliki. Kila mmiliki hushauriwa aongeze mwenzake mmoja anayemwamini, bila kulazimishwa.

Kurudisha akaunti kumetuchukua siku tatu za mabishano. Tumeafikiana kwamba hakuna akaunti itakayokabidhiwa kwa simu wala kwa maneno. Anayedai huleta kitambulisho na hati za usajili, ombi lake hutangazwa kwa anwani na simu zote zilizomo katika akaunti, kisha tunangoja siku 7. Akitokea wa kupinga, hatuamui sisi nani ana haki. Katika siku hizo tunazuia kufutwa kwa chochote. Wapo watakaoona siku 7 ni nyingi mno kwa duka linalouza kila saa, nami nawaelewa, lakini nimemwona mtu akiporwa hesabu zake, na nimepima kwa jicho hilo.

Mwenzetu wa huduma kwa wateja aliuliza kuhusu mmiliki anapofariki. Biashara ya mtu mmoja ni sehemu ya mali yake, na msimamizi wa mirathi hupatikana mahakamani chini ya Sheria ya Urithi. Tumeweka kwamba aliyekwisha kualikwa kama msaidizi anaendelea na majukumu yale yale aliyopewa na marehemu, duka lisifungwe msibani, na umiliki haubadiliki mpaka hati ya mahakama ije. Swali hili hatukuwa nalo katika mpango, na naliona kuwa mchango mkubwa kuliko yote ya mwezi huu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mlango ukiwapokea watu kwa anwani zao binafsi, inatubidi tuzitunze kama mali binafsi hata ndani ya nyumba. Hadi jana ukurasa wa wafanyakazi ulimwonyesha kila karani anwani kamili za wenzake wote. Kwa anwani za kampuni hakuna aliyelalamika, lakini binti anayeuza kaunta hana sababu ya kumpa kila mwenzake wa zamu anwani ambayo kwayo hupokea taarifa za benki na majibu ya hospitali. Sasa wenzake huona jina na jukumu tu, na anwani huonwa na mwenyewe na msimamizi aliyemwalika. Nasisitiza hapa, kwa faida ya atakayesoma shajara hii baadaye, kwamba anwani ya kikazi yenye jina la mtu nayo ni data ya mtu kwa mujibu wa sheria, maana inamtambulisha; mabadiliko haya yanawahusu wote.

Kuhusu karani anayeondoka, mvutano ulikuwa kati ya haki yake ya kufutiwa data na wajibu wa mwajiri wa kutunza rekodi za ushuru, ambazo Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inataka zihifadhiwe kwa miaka mitano. Tumezitenganisha: jina lake hubaki katika risiti alizotoa, anwani na simu hufutwa siku 30 baada ya kuondolewa. Mwenye duka ndiye mdhibiti wa data, sisi tunachakata kwa niaba yake, na hilo tumeliandika katika mkataba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wateja wetu wengi hawalazimiki kujisajili kwa Kamishna, kwa kuwa wana wafanyakazi wasiofika 10 na mapato ya mwaka yasiyofika shilingi milioni 5, lakini msamaha huo ni wa usajili tu. Wajibu wenyewe wa kulinda data haumwachi mtu.

Kisanduku cha kukubali matangazo yetu kimetengwa na usajili, na huja kikiwa kitupu.

Jumatano, 9 Aprili

Wateja wawili wa majaribio waliomba ankara ziende kwa wanunuzi wao zikiwa zimeandikwa kwamba zimetoka kwa anwani yao ya Yahoo au ya Gmail. Nilitamani kuwakubalia, kwa kuwa mnunuzi anaifahamu anwani hiyo, ila haiwezekani. Tangu Aprili 2014 Yahoo iliagiza kwa utaratibu wa DMARC kwamba barua yoyote inayojitambulisha kwa kikoa chake bila kutoka kwa seva zake ikataliwe, na tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti kwa watumaji wote, huku wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku wakitakiwa kuwa na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja, yaani njia tatu za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa. Ankara zitatoka kwa kikoa chetu zikiwa na jina la duka mbele, na mnunuzi akijibu, jibu lake litamfikia mwenye duka katika anwani yake aliyoizoea. Tumejaribu kwa barua za kweli na zimefika katika sanduku kuu bila kuangukia kwenye barua taka.

Jumanne, 22 Aprili

Mlango umefunguliwa leo asubuhi baada ya likizo ya Pasaka, mvua ikinyesha tangu alfajiri na wawili kati yetu wakifanya kazi wakiwa nyumbani kwa ajili ya foleni za magari. Orodha ya vikoa vilivyokatazwa imefutwa. Kimebaki kizuizi kimoja, cha anwani za muda zinazojifuta zenyewe baada ya dakika chache, kwa kuwa akaunti ya biashara iliyofunguliwa kwazo haitaweza kurudishwa kwa mwenyewe kwa njia ya barua.

Saa nne nilimpigia simu mama wa Barabara ya Kirinyaga, nikamwomba radhi kwa yale maneno mekundu na nikakaa naye kwenye simu akijisajili. Aliandika anwani yake ya Gmail, akapokea msimbo, akakosea tarakimu moja, akarudia. Alipofika kwenye swali la kama biashara ni yake au anamfungulia mwingine, alilisoma kwa sauti, akasema, "Ni yangu," akabonyeza. Kisha aliniuliza kama mwanawe anayeshughulikia mzigo kutoka Mombasa anaweza kuziona hesabu bila kuzigusa bei, tukamwalika pamoja kwa anwani ya kijana mwenyewe, akiwa na jukumu la kusoma tu.

Yamebaki mambo mawili kwa wiki ijayo. La kwanza ni kuwahamisha wateja wa zamani ambao akaunti zao bado zimefungwa kwa anwani ya mtu mmoja, tukianza na wale ambao aliyejisajili si mwenye biashara. La pili ni karakana ile ya vyuma: fundi hajafanikiwa kumpata kijana wa saiba, na nimeahidi kwenda Alhamisi tumfungulie akaunti kwa nambari ya simu yake.